Uso Unang'aa Kabla ya Saa Nne: Majibu ya Maswali Yenu ya Ngozi ya Mafuta

Wapenzi wasomaji, mwezi huu karibu kila ujumbe ulioingia ni wa ngozi ya mafuta, nadhani ni hili joto. Nimechagua maswali yanayogusa wengi, kwahiyo hata kama lako hulioni soma tu, utajikuta humo humo. Ila kabla sijaanza naomba tuelewane kitu kimoja: mafuta ya usoni sio uchafu. Wengi mnaoniandikia mnajiona wachafu mnaujaza uso sabuni, spiriti na limao mpaka ngozi inaumia, na hilo linaniuma kweli, maana hela zinaisha na uso unaharibika na hakuna aliyewaambia kwamba mambo yangekuwa rahisi zaidi ya hapo.

Anti habari za kazi. Nina kibanda cha uwakala wa pesa, nakaa chini ya mwavuli siku nzima. Nikitoka nyumbani asubuhi uso uko poa ila ikifika saa nne unang'aa mpaka wateja wananiuliza nimejipaka nini. Naosha mara nne mara tano na sabuni ya kipande ile ya kuua vijidudu, nafuta na spiriti kwenye pamba, baada ya muda mafuta hayo tena. Losheni usoni nshaacha kabisa. Nina elfu 30 ya kuanzia, ninunue nini? M., Tandika, Dar es Salaam

M. mdogo wangu, nzuri, pole na jua. Kwanza weka spiriti pembeni leo leo, hiyo ni ya kusafishia ngozi kabla ya sindano sio ya kuoshea uso kila siku.

Iko hivi, chini ya ngozi kuna vitezi vinavyotoa mafuta, na vimejazana zaidi kwenye paji la uso, pua na kidevu, ndo maana hapo ndo panaanza kung'aa. Vinaendeshwa na homoni, na ukubwa wa kazi yake unarithi kwa wazazi, alafu joto linaongezea. Sabuni haivifikii huko chini. Inachofanya sabuni ya kipande ni kukwangua ya juu: ngozi yetu ina uchachu kidogo, pH yake (kipimo cha uchachu, namba ikipanda uchachu unapungua) iko kwenye 5 hivi, sabuni nyingi za kipande ziko kwenye 9 mpaka 10. Ukiosha mara tano unabaki na ngozi iliyokauka juu, inavuta na kuwasha, na mafuta yanaendelea kutoka chini kama kawaida. Yaani unakuwa na matatizo mawili wakati ulianza na moja.

Sasa hela yako. Ningekuwa mimi ningenunua sabuni ya maji ya uso, ile ya ngozi ya mafuta isiyo na manukato makali, na sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua, ya jeli au ya majimaji ya SPF 30 kwenda juu (SPF ni kipimo cha nguvu ya kukinga, kimeandikwa kwenye chupa). Hivyo viwili kwanza. Sanskrini ndo itakula hela kubwa, nakwambia mapema usije ukashtuka dukani, na kama zote mbili hazitoshi anza na sabuni, sanskrini mwezi ujao, huku mwavuli wako ukiendelea kukusaidia. Sanskrini ya jeli inakutosha kama losheni ya mchana, huna haja ya kupaka kitu kingine chini yake.

Usiku ngozi ya mafuta nayo inahitaji maji, kwahiyo tafuta kichupa cha glisirini duka la dawa, ni vya bei ndogo sana. Usiipake tupu inanata na kuvuta vumbi. Osha uso, acha ukiwa bado mbichi, weka matone mawili matatu kiganjani ongeza maji safi karibu mara nne yake, changanya kwa vidole, pandisha usoni kwa kugandamiza. Changanya ya usiku huo tu usiiweke akiba kwenye chupa, maji yakikaa yanaharibika.

Kuosha ni asubuhi na usiku, basi. Mchana uking'aa chukua tishu, itenganishe ile karatasi ya juu na ya chini ubaki na moja nyembamba, bandika kwenye paji na pua, gandamiza bila kusugua, utaiona inalowa na kuwa kama karatasi ya maandazi. Hiyo inafanya kazi ileile ya vile vikaratasi maalum vya kufyonza mafuta vinavyouzwa kwa bei ya ajabu.

Ukishazoea, mwezi wa pili au wa tatu ongeza kitu chenye asidi ya salisiliki ya asilimia 2. Hiyo inapenya kwenye mafuta na kuingia ndani ya vitundu inasafisha kule ambako weusi wa puani unajikusanya. Anza na siku mbili tatu kwa wiki, usiku. Kama aspirini huwa inakudhuru iache. Niasinamidi (aina ya vitamini B3 ya kupaka) nayo ni nzuri, ya asilimia 4 au 5 inatosha, usishindane na wanaonunua ya 10 na 20.

Anti, mimi ni mwanafunzi wa chuo Morogoro. Rumumeti wangu kaniambia nipake limao na magadi ya keki kukata mafuta, na dawa ya meno kwenye chunusi. Limao limenichoma, sasa nina baka jeusi shavuni. Nifanyeje? N.

Pole mwanangu. Limao lina kemikali ambazo jua likizipiga zikiwa kwenye ngozi zinaunguza, ndo maana unakuta mtu amekamua malimao akatoka juani anabaki na mabaka mikononi. Sasa wewe umeweka usoni alafu ukatembea kwenda kipindi saa nane mchana. Baka litafifia ila polepole, ni miezi, na kila siku utakayotoka bila sanskrini unalirudisha nyuma. Usilisugue wala usilitafutie krimu ya kulichubua.

Magadi ni kama sabuni ya kipande tu, makali kwa ngozi. Dawa ya meno inakausha chunusi kweli ila inakausha kwa kuunguza, na sisi wenye ngozi nyeusi kila kinachoungua kinaacha doa linalokaa kuliko chunusi yenyewe. Badala yake ulizia duka la dawa benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5, ukiikosa chukua ya 5, gusa kidogo kwenye chunusi usiku. Ila lala na foronya nyeupe na usitumie taulo lako zuri, ile dawa inatoa rangi kwenye nguo vibaya mno.

Manjano hukuuliza ila najua yanakuja. Manjano na maji au mtindi hayana ubaya mkubwa, usitegemee tu kwamba yatapunguza mafuta. Mshubiri unapoza ngozi, wengine unawawasha, jaribu nyuma ya sikio kwanza.

Dada, nilinunua krimu kwa dada mmoja anayetembeza maofisini, iko kwenye kopo jeupe halina jina, akasema inakata mafuta na chunusi siku tatu. Kweli siku ya tatu uso ulikuwa laini kama mtoto. Nimetumia miezi kadhaa, sasa nikikosa siku mbili uso unakuwa mwekundu, unachoma, vipele vinafumuka kila mahali. Nikipaka vinatulia. Nimechoka. Mama wa wawili, Tanga

Dada yangu, hili nalijibu kwa urefu na naomba hata asiye na tatizo hili alisome.

Hiyo hali uliyoieleza, ukipaka inatulia ukiacha inafumuka, ndo alama kubwa ya krimu yenye steroidi. Steroidi za kupaka kama klobetasoli na betamethasoni ni dawa halali kabisa za hospitali, daktari anaandika kwa ugonjwa fulani, mahali fulani, siku kadhaa basi. Kuna watu wanazichukua wanazichanganya na losheni na vichubuzi, wanafunga kwenye kopo wanaita krimu ya kulainisha. Inatuliza wekundu na uvimbe haraka sana, ndo ile siku ya tatu uliyofurahi. Ukiendelea ngozi inakonda, mishipa midogo inaonekana, chunusi zinaota za aina nyingine, na ngozi inakuwa haiwezi kukaa bila hiyo krimu.

Sio wewe uliyekosea. Ulikuwa na tatizo ukatafuta dawa, mtu akakuuzia kitu bila kukwambia kilichomo.

Nenda hospitali ukamwone daktari, ukipata wa ngozi ni bora zaidi, na ubebe kopo lako. Kanda ya kaskazini mnaweza kupewa rufaa mpaka hospitali ya KCMC Moshi ambako kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kinachosomesha madaktari wa nchi nyingi za Afrika. Usikate ghafla kwa ubishi ukajifungia ndani, maana utateseka alafu utairudia. Daktari ndo atakupangia unaachaje, kuna wanaopunguziwa taratibu na kuna wanaopewa dawa nyingine ya kutuliza. Wakati unasubiri siku ya kliniki: maji, sabuni laini ya uso, losheni nyepesi isiyo na harufu. Salisiliki hapana, skrabu hapana, mekapu punguza. Na mwambie daktari ukweli wote hata kama unaona aibu, kama una mimba au unanyonyesha sema pia.

Kwa wengine wote: kipodozi kisicho na jina la kiwanda, orodha ya viambato, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, usiweke usoni, hata kama anayeuza ni shoga yako na ngozi yake inavutia. Hapa Tanzania vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni (dawa ya kuchubua) na steroidi vimepigwa marufuku, na tangu 2019 anayesimamia vipodozi ni TBS, Shirika la Viwango, kabla ya hapo ilikuwa TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa. Zebaki inaharibu figo. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu inaweza kukuachia weusi wa kibluu mashavuni ambao kuutoa ni kazi ngumu sana. Hakuna mng'ao wa uso unaostahili hayo, ni heri mafuta yako.

Dadangu mpendwa, naolewa mwezi ujao hapa Mombasa, siku ya kupambwa ni ukumbini usiku, watu wengi, feni hazitoshi. Kila nikipambwa fondesheni yavunjika puani na yajikusanya kando ya mdomo, na kwa picha uso watoka mweupe shingo nyeusi. Na bajeti yangu si kubwa. H.

Hongera sana bibi harusi mtarajiwa, Mungu akutimizie! Tatizo lako naliona kwenye nyuso nyingi nazozipamba, na karibu kila mara ni wingi. Mtu ana ngozi ya mafuta, anawekewa praima (ile ya kutangulia chini ya fondesheni), fondesheni nzito matabaka mawili, konsila, poda ya kopo zima, alafu kwenye joto la pwani vyote vinateleza kwa pamoja.

Anza na uso ulioshwa na losheni ya jeli kidogo, alafu subiri. Dakika kumi mpaka kumi na tano, kaa unywe chai, watu wa harusi hatupendi kusubiri ila hapo ndo mekapu inaposhikia. Praima weka kwenye pua, paji na kidevu tu, mashavu hayana haja. Angalia praima na fondesheni ziwe za asili moja: kama orodha ya praima juu juu ina majina yanayoishia na "cone" ni ya silikoni, sasa ukiipandishia fondesheni ya maji zinakataana zinatengana puani vile vile ulivyosema. Poda laini unaweza kuiweka kidogo hata kabla ya fondesheni kwa wale wenye mafuta mengi, ni mbinu ya zamani na inasaidia.

Fondesheni anza na tone dogo katikati ya uso ulivute kwenda nje kwa sponji iliyolowa na kukamuliwa. Penye doa ongeza hapo tu. Pembeni mwa mdomo na chini ya macho iwe nyembamba kabisa maana hapo ndo uso unakunjika. Poda gandamiza kwa pafu, bonyeza inua, bonyeza inua, usifagie. Ukimaliza bandika tishu uso mzima, gandamiza, toa.

Weupe wa kwenye picha unatokana na mambo mawili. Moja fondesheni kuchaguliwa kwa kujaribisha mkononi, mkono na uso havifanani, jaribishia kwenye taya kuelekea shingoni na utoke nje kwenye mwanga wa jua uangalie. Pili poda nyeupe, pamoja na poda ya watoto, flashi ikiipiga inarudisha weupe. Tafuta poda yenye rangi yako hata kama ni ya bei rahisi, na umwambie anayekupamba akupige picha ya flashi kwa simu kabla hujavaa.

Kwa usiku wenyewe, mpe mdogo wako au somo wako pochi yenye tishu na poda ndogo. Tishu kwanza poda baadaye, kila mara, maana poda juu ya mafuta inakuwa uji. Singo ya mwili endelea nayo ila usoni wasikusugue kwa nguvu, na ndani ya hizo wiki mbili za mwisho usikubali kitu chochote kipya usoni hata kama ni zawadi. Sponji na brashi za anayekupamba ziwe zimeoshwa, uliza bila aibu, ni uso wako.

Sista mambo, mimi ni bodaboda Mwanza. Vipele vya paji la uso haviishi, na ndevu nikinyoa ndo kabisa. Sisi wanaume tunatumia nini?

Poa kaka yangu. Ngozi yako inataka vilevile walivyoandikiwa dada zako hapo juu, sabuni ya uso, sanskrini, usiku glisirini au losheni nyepesi. Ila angalia helmeti. Ule uspongi wa ndani unakunywa jasho na vumbi na mafuta ya nywele kila siku alafu unaubana kwenye paji masaa mengi. Kama unatoka ufue na sabuni uanike, kama hautoki vaa kitambaa cha pamba chini yake, uwe navyo viwili vitatu ubadilishe kila siku, na abiria naye mpe chake.

Na kama unapaka mafuta mazito ya nywele au jeli, hiyo nayo inateremka na jasho inaziba. Hili nawaambia na kina dada wanaosuka na kulaza nywele za mbele kwa jeli, na wanaovaa ushungi juu ya kofia isiyofuliwa: vipele vinavyofuata mstari wa nywele mara nyingi vinatoka hapo.

Ndevu nyoa baada ya kuoga zikiwa laini, fuata zinakoelekea, wembe mpya, na usivute ngozi. Mashine inayoacha ndevu fupi kidogo ni bora kuliko kukwangua mpaka chini, kwa nywele zetu za kujikunja zinarudi ndani ya ngozi ndo vile vipele. Kinyozi asitumie mashine aliyotoka kumnyolea mwingine bila kuisafisha.

Tangu niweke kijiti cha uzazi wa mpango uso umekuwa wa mafuta na chunusi za kidevuni. Inahusiana? S., Dodoma

Inaweza kuhusiana kabisa dada, vijiti na njia nyingine zenye homoni moja tu (projestini) huwa zinawaletea baadhi ya wanawake chunusi na mafuta. Usikitoe kwa ajili ya chunusi bila kuongea na waliokuwekea, kuna njia nyingine na kuna dawa za kupaka. Na kwa dada ambaye hajaweka chochote lakini hedhi haieleweki, ndevu zinaota kidevuni na uso ni mafuta matupu, huyo naye aende hospitali akaangaliwe homoni.

Mama mwenzangu, binti yangu ana miaka 14, uso umeanza mafuta na anataka kupaka poda kwenda shule. Nimemkataza chipsi. Mama J., Arusha

Mama J., chipsi mwache ale siku moja moja, mafuta ya karaini hayapandi usoni. Sukari nyingi na soda ndo kwa baadhi ya watu zinachochea chunusi, hizo punguza. Umri huo homoni zinaamka, ni kawaida, mnunulie sabuni yake ya uso na umfundishe kutokutumbua. Shule nyingi hazitaki poda, mpe vitishu mfukoni. Chunusi zikiwa kubwa zenye maumivu mpeleke kwa daktari mapema, makovu yakishaingia ni kazi kuyatoa, na usiruhusu mtu nyumbani amtanie uso wake, watoto wanalia vyooni kwa hilo.

Dada, niko Muscat kwa kazi. Ndani AC kutwa nzima, nje joto la unyevu. Uso una mafuta lakini pembeni mwa pua na kwenye nyusi unatoa magamba. Nasugua na skrabu kila siku, yanarudi.

Mpendwa, AC inakausha hewa, kwahiyo ngozi inaweza kuwa na mafuta na ikakosa maji kwa wakati mmoja, hapo losheni ya jeli asubuhi na usiku. Lakini magamba ya kwenye mikunjo ya pua na nyusi, na nikikisia vizuri kichwani una mba au nyuma ya masikio panawasha, hayo mara nyingi sio ukavu. Kuna fangasi anayeishi kwenye ngozi ya kila mtu na anapenda penye mafuta, akizidi ngozi inachukia inatoa magamba. Skrabu inazidisha, iache. Mafuta ya nazi usoni nayo yaache, huyo fangasi anayala.

Nenda duka la dawa uombe shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2. Oshea nywele, na lile povu lipitishe kwenye nyusi na pembeni mwa pua, funga macho, kaa nalo dakika tatu mpaka tano, suuza vizuri, paka losheni. Mara mbili kwa wiki. Magamba yakiisha punguza iwe mara moja tu kila wiki moja au mbili, usiache kabisa maana huwa yanarudi. Ikifika wiki nne hakuna mabadiliko mwombe mwajiri wako akupeleke zahanati, na ukifika uwaonyeshe na kichwa, usiwaonyeshe uso peke yake.